Sidiria ya Rangi Tatu

Kila nikipita soko la Volo Volo nikanusa nguo mpya, kifua changu chenyewe kinakumbuka. Wakati ule kisiwa chetu kilitaka kujitenga na serikali ya Moroni, meli hazifiki bandari yetu ya Mutsamudu, madukani huoni hata sindano. Na mimi ndio naota matiti, tena kwa fujo! Sidiria ya mama ilinibana, nikivuta pumzi vifungo vinaruka mpaka Mirontsy, mji wa jirani.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, akiwashonea bendera za Kifaransa wale waliotaka turudi chini ya Ufaransa. Akachukua mabaki ya kitambaa, akanipimia kwa vifuu vya nazi. Kushoto buluu, katikati nyeupe, kulia nyekundu. Wallahi, ilinikaa kama nimezaliwa nayo.

Vurugu zilipozidi, mimi na mama tukavuka bahari, tukakimbilia Moroni kwa koko, bibi yangu mzaa baba. Nikaifua sidiria, nikaianika uani. Koko akapiga ukelele ukasikika Madagaska.

"We mtoto! Unanitundikia bendera uani? Askari wanapita hapo!"

"Si bendera, koko. Ni sidiria."

"Naitia motoni!"

Nikaangua kilio, maana sina nyingine inayonienea. Titi na serikali wapi na wapi?

Koko akaianua, akaivuta huku na huku, akaijaribisha juu ya leso yake.

"Nani kashona?"

"Mama mdogo."

"Watu wa Mutsamudu hawana adabu!"

Nikawa sijui nimesamehewa au bado nina kesi. Koko akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Kitambaa kimebaki?"