Siku Niliyotaka Baba Apigane

Harufu ya pumba za mpunga ikinifikia, hata leo, uso unaniwaka kwa aibu. Nilikulia Kagongwa, na baba yangu alikuwa mwendesha mashine ya kukoboa mpunga. Jioni alirudi mweupe kuanzia kope mpaka kucha, na kuku wa sikukuu alimpeleka kwa jirani akachinjwe. Mama akimtania, "Baba Neema, yaani hata kuku unamwogopa?" yeye anacheka kidogo na kutoka nje.

Nisiwafiche, niliona haya kuwa na baba mwoga.

Halafu Jumamosi moja, kwenye kibanda cha video, tukaangalia picha la Kihindi. Baba mmoja mpole, muuza maziwa, anaonewa na kila mtu, kumbe zamani alikuwa jambazi la kutisha. Wahuni walipomgusa binti yake, mtafsiri akapaza sauti kwenye spika: "Hapo sasa mmemchokoza mzee! Mtajuta!" Mzee akawafyeka wote, sisi tumesimama juu ya mabenchi tunashangilia. Nikatoka pale nina jambo langu. Baba naye, nilijiambia, lazima anayo yake aliyoyaficha. Anahitaji kuchokozwa tu.

Jumatatu nikaenda mashineni nikilia machozi ya kujikamua. Nikasema Shija, kijana mbeba magunia wa pale pale mashineni, amenizaba kofi. Kwa nini Shija? Kwa sababu alikuwa na mwili mkubwa, angependeza akianguka. Jamani, ndivyo nilivyofikiri, nina miaka kumi na akili zangu timamu.

Baba akazima mashine.

"Neema, ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Ngumi ya kwanza ilimpata Shija mdomoni, akaenda chini kwenye lundo la pumba. Hakukuwa na muziki wowote. Alitema damu na jino, huku akiuliza, "Baba Neema, nimefanya nini? Nimefanya nini mimi?" Baba alikuwa ameshaokota mpini wa koleo, na ile sura sikuijua. Nikapiga kelele: "Nimedanganya! Baba, nimedanganya!"

Mpini ukamtoka mkononi. Akapiga magoti, akamfuta Shija damu kwa shati lake, akilia kwa sauti mbele ya wateja. Mimi hakunigusa hata kwa ukucha. Na, Mungu anisamehe, kile kilio chake kilinitia aibu kuliko uongo wangu.

Mama alinieleza mwaka tuliomzika baba. Ujanani, kijijini kwao, baba alikuwa sungusungu, wale walinzi wa kijiji. Siku moja filimbi ikalia, mtu akasema fulani kaiba ng'ombe, na baba ndiye aliyempiga yule fulani mpaka akakata roho. Kesho yake asubuhi ng'ombe akarudi mwenyewe, anakula majani njiani, kamba yake shingoni. Baba akahama. Hakushika tena kisu wala fimbo, mpaka nilipomshikisha mimi.

Shija bado yuko Kagongwa, siku hizi ana mashine yake mwenyewe. Nikipita namwamkia, "Shikamoo, kaka Shija."

"Marahaba, Neema! Umenenepa wewe!" anajibu akicheka, na lile pengo linaonekana. Yeye alishanisamehe zamani. Mimi ndiye nisiyeweza kumtazama akicheka.