Mama Aliuliza Maji Yako Wapi

Mimi ni mwalimu wa Shule ya Sabato katika kanisa dogo nje kidogo ya Kendu Bay, na kwa habari za miujiza sina mpinzani. Darasa langu ni la akina mama, wengi wao wamenizidi umri. Nawafundisha kwa Dholuo, yaani Kijaluo, cha mtu aliyezaliwa Mkuria na kulelewa Migori mjini, karibu na soko, ambako Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuelewana. Wanayacheka matamshi yangu. Nawaacha wacheke, maana najua wakimaliza watanisikiliza, na mimi napenda mno kusikilizwa. Heri niliseme hilo mapema, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la utii. Nawakumbusha wale watumishi wa arusini walioambiwa wajaze mitungi maji wakati wageni wanataka divai. Nawaeleza Naamani, jemadari mzima, alivyofura kwa hasira alipoambiwa akajichovye mtoni. Kisha namleta yule aliyezaliwa kipofu, akapakwa tope machoni na kutumwa akanawe bwawani Siloamu. Alikwenda bado haoni, na tope lake usoni, watu wakimtazama njia nzima. Hapo nawauliza: wewe ungekwenda? Wote huitikia kwamba wangekwenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi ningekwenda.

Katika Dholuo, kuamini na kukubali ni neno moja tu: yie. Mtu akisema "ayie", huenda anasema anaamini, huenda anasema amekubali, na wenyewe hawaoni shida yoyote hapo. Nimelifundisha neno hilo mara nyingi kwa madaha. Nawaambia akina mama kwamba lugha yao imeshafanya kazi ambayo wahubiri wanahangaika nayo, nao hufurahi, maana nani hapendi lugha yake isifiwe.

Sasa, mama mkwe wangu alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kwa kumimina chai nje ya kikombe, akaishia kututambua kwa sauti tu. Daktari wa Homa Bay alitwambia kwamba anaweza kutibiwa, lakini tukizidi kungoja, jicho la kushoto huenda lisiokoke tena. Mama hakutaka kusikia habari ya kisu. Jirani yake alikuwa amemweleza kwamba jicho hutolewa, likasafishwa kwenye sahani, kisha likarudishwa mahali pake. Mume wangu na ndugu zake walimbembeleza mpaka wakachoka.

Nikaona hii ni kazi yangu. Sabato moja nikafundisha habari za kipofu wa Siloamu huku nikimlenga Mama, ameketi pale mbele na fimbo yake. Jioni akaniita jikoni.

"Nyar Kuria," akasema, yaani binti wa Wakuria, ndivyo anavyoniita tangu nilipoolewa. "Hao watu wa Homa Bay watanifanya nini hasa?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Niliona nikilitoa nitampoteza, nikatafuta jingine.

"Wataosha huo ukungu, Mama. Wakishaosha, utaona."

Akageuzageuza fimbo mkononi. "Ayie," akasema.

Mimi nikasikia kwamba amekubali. Sikumuuliza zaidi, maana nilijua nikimuuliza nitapata nisichokitaka. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kwamba somo la Siloamu limezaa matunda na Mama amekubali kutibiwa. Amina zikamiminika. Nilizisoma nikiwa nimelala kitandani, natabasamu peke yangu kama mjinga.

Siku ya siku nikampeleka Homa Bay, mimi na yeye. Tuliketi kwenye benchi na wagonjwa wengine wa macho, karibu wote Wajaluo. Muuguzi alipomtilia dawa ya matone, Mama aliingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa taulo safi lililokunjwa vizuri, akaliweka mapajani. Nikamuuliza la nini.

"La kujipangusa," akasema. "Maji yako wapi?"

Nilihisi uso unawaka moto. Hapo hapo muuguzi akarudi. Alikuwa binti wa Ukambani, Dholuo hakijui. Akaniambia, "Mama, nisaidie kumuuliza kama amekubali operesheni. Daktari ako karibu kuanza."

Neno operesheni halihitaji mkalimani. Mama aligeuza kichwa upande wangu.

"Operesheni? Wewe ulisema kuosha." Aliongea kwa sauti yake ya kawaida, ambayo si ndogo. "Yule wa Siloamu, walimpasua?"

Mzee mmoja kwenye benchi akaangua kicheko. Wengine wakasogea wasikie vizuri. Nikaanza kueleza, na jambo la aibu ni kwamba nilieleza kwa ile sauti yangu ya darasani: kwamba Mungu hutumia mikono ya madaktari, kwamba tope nalo lilikuwa dawa ya wakati ule, kwamba utii hauchagui njia. Mama aliniacha nimalize yote.

"Na wewe," akaniuliza kwa neno lile lile, "iyie?"

Simu yangu ilikuwa ikitetema mfukoni, kanisa linatuombea. Nikalitafuta hilo neno ndani yangu nisilione, si kwa maana ya kuamini wala kwa maana ya kukubali. Nilichokuwa nacho ni hofu, tena laiti ingekuwa hofu ya macho yake. Nilikuwa nawawazia shemeji zangu. Niliwaona wakikaa pale nyumbani na kusema ni yule Mkuria aliyempeleka mama yetu akapofushwa. Mama anakaribia kulazwa chini ya kisu, na mimi nahesabu lawama zangu. Naona haya hata kuliandika. Nikakaa kimya, mimi ambaye sijawahi kukosa neno.

"Anasema nini?" muuguzi akauliza.

Mama akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha soko ambacho nyumbani hakitumii kabisa. "Mimi nimekubali. Ni huyu ndio bado."

Benchi zima likacheka. Mama akasimama, akanyoosha mkono mbele yake hewani. Nikainuka haraka niushike, lakini alikuwa anamnyooshea muuguzi. Wakaondoka pamoja polepole, nikabaki na taulo.

Nilijaribu kuomba. Kila nilipoanza, ombi liligeuka likawa langu: Bwana, jambo hili liende vizuri nisiaibike. Nikaacha. Kwenye kundi waliuliza habari, mwalimu, habari, mwalimu, nikazima simu.

Kesho yake asubuhi walimfungua lile jicho la kushoto wodini. Muuguzi yule yule alibandua pamba taratibu, akamsafisha, akamwambia asiwe na haraka. Mama alipepesa. Alitazama dirishani kwa muda, akatazama mikono yake, upande huu na upande huu. Akamtazama muuguzi, akamwambia kumbe ni mtoto mdogo hivi. Nilisimama mwisho wa kitanda. Nilitaka kumshukuru Mungu, na nilitaka pia ardhi ipasuke.

"Sasa angalia mbali kidogo," muuguzi akamwambia. "Angalia huyo mama pale. Unaona sura yake vizuri?"

Mama akanitafuta.

"Sura sioni," akasema. "Ameangalia chini."