Maneno Marefu ya Bibi Tabea

Manase Mligo alikuwa wa kwanza kutoka kijiji cha Yakobi, Njombe, kufika chuo cha Makerere. Huko alichagua utafiti ambao wenzake waliuona mkavu: jinsi Umoja wa Mataifa ulivyoisimamia Tanganyika, na jinsi wenye mitaji wa ng'ambo walivyoamua ardhi ipi ioteshwe nini.

Siku moja mwaka 1956, maktabani, alifungua kumbukumbu za wajumbe wa Umoja huo waliopita nyanda za juu miaka mitano nyuma. Akasoma: "Makambako. Mjane mmoja anaomba fidia ya shamba lake."

Mkalimani wa siku ile alikuwa yeye, wakati huo mwalimu kijana.

Aliukumbuka upepo wa Makambako, magari yakinguruma, karani akimwonyesha saa. Bibi Tabea, mjane huyo, alisimama akasema kwa Kibena, tena kwa kirefu. Fidia hakuitaja. Alisema wanawe watatu wamezikwa pale kampuni moja ya ng'ambo inapotaka kupanda miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi; akaomba wiki moja tu awahamishe kabla matrekta hayajafika. Manase, kwa kuogopa kuwachosha wageni, akakata maneno: anaomba fidia. Mgeni akaandika.

"Umewaambia yote, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Yote, bibi."

Tangu siku ile ya maktabani, swali hilo lilianza kumjia darasani, kanisani, hata akinywa chai. Sauti ile ile, karibu kabisa na sikio. Likizo ilipofika akasafiri hadi nyumbani, akaenda kwa bibi.

Bibi Tabea alikuwa ameshafariki. Binti yake, Ida, alimpokea mlangoni.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, dada." Manase akaungama yote kabla hajaketi.

Ida akasema, "Mama alijua. Alisema, mimi nimezungumza mpaka nimechoka, yeye amemaliza kwa pumzi moja."

"Mbona hakuniuliza tena?"

"Alikuuliza. Ukamjibu."

Wakaenda pamoja kwenye miwati. Miti ilisimama mistari kwa mistari, wala hapakuwa na tuta la kaburi hata moja. Ida alionyesha hapa, akasita, akaonyesha pale. Manase hakujua aweke wapi mguu.

Ida aliyajua kwa moyo maneno ya mama yake, maana aliyasikia kila jioni mpaka mama alipofariki. Aliyasema, Manase akayaandika kwa Kibena na kwa Kiingereza, akayatuma New York, makao ya Umoja wa Mataifa. Baada ya miezi minane likaja jibu: barua imepokelewa, imepewa namba.

Mwalimu wake Makerere alimtaka ayaondoe maneno ya bibi kwenye tasnifu; hayo ni masimulizi, alisema, si uchumi wa kisiasa. Manase alikataa, naye akapewa alama za chini. Akarudi Njombe kufundisha. Kila alipoombwa kutafsiri, alimsikiliza msemaji mpaka mwisho, kisha akamwomba aanze upya. Watu walimcheka kwa hilo. Na sauti ile ya bibi iliendelea kumuuliza.