Mfereji Ulioishia Barabarani

Dada yangu alizikwa Louisville wakati wa baridi, na kaburi lake lilichimbwa na mashine. Tulipofika tulikuta shimo tayari, kingo zimenyooka, udongo umefunikwa zulia la kijani la plastiki. Kambini Tanzania, tulikokulia sisi Warundi, wanaume walichimba wenyewe kwa zamu. Shemeji, mume wa dada, alikuwa amekuja na koleo ndani ya gari. Mfanyakazi wa makaburi alimweleza kwa upole kwamba bima hairuhusu.

Baada ya hapo shemeji hakuweza kulala katika nyumba yao ya mtaa wa Beechmont. Alimwacha binti yake mdogo kwa mama yangu, akanifuata Columbus, ambako nilikuwa nimepata kazi ya ghala katika kitongoji cha Gahanna, karibu na uwanja wa ndege. Mimi sikai mji mmoja muda mrefu. Yeye hakuwa mtu wa kuhama.

Mfereji niliuona kwa bahati, nikitembea siku yangu ya mapumziko. Wazee wa Kizungu waliovaa buti za mpira walikuwa wanavuta mti kutoka kwenye mtaro uliojaa tope. Nikawauliza. Niliacha shule mapema, kwa hiyo nauliza kila kitu. Wakaniambia zamani mashua zilipita hapo zikivutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, halafu barabara kuu ikajengwa juu yake. Tuta la udongo lilikata maji, na upande wa pili ukageuka kichaka. Kila Jumamosi walikuja kuuchimba upya, bila malipo.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka shemeji, atoke tu nyumbani. Alishika koleo na hakuliweka chini mpaka saa ya kula. Ikawa hivyo kila wiki. Wazee walimpenda. Mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa kiongozi wao, alimtania akimwita mashine, na wote wakacheka. Shemeji akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia wanamsifu.

Mwaka wa msiba ulipokaribia kwisha, mama alipiga simu. Matanga lazima yaondolewe, na mume wa marehemu hawezi kukosa. Mtoto naye alikuwa anamuulizia baba yake kila siku. Shemeji alichukua simu akaahidi.

"Tukipitisha maji chini ya barabara, mama, nitakuja. Nikimaliza tu."

Hakuwa anamdanganya. Wazee walikuwa wameomba ruhusa ya kuweka kalavati chini ya tuta, na sote tuliamini wataipata. Jibu likaja kwamba haiwezekani. Yule mwalimu alitutangazia akiwa amesimama kando ya toroli, macho mekundu, akasema tutahamia mwisho wa kaskazini wa mfereji, ambako bado kuna kazi. Nilimtafsiria shemeji. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Louisville nilikwenda peke yangu. Kwaya iliimba, tukala wali na maharage, vitenge vya dada vikagawiwa. Mtoto alikuwa ameweka kiti kando yake na hakuruhusu mtu akikalie. Mchungaji alipomaliza kuomba, mtoto aliniinamia sikioni akaniuliza, kwa Kiingereza, kama baba amepoteza anwani. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba baba yuko kazini.

Niliporudi Columbus, wazee waliniambia shemeji hakuonekana kaskazini. Nilimkuta ng'ambo ya barabara kuu, ndani ya kichaka, shimo alilochimba limemfika magotini. Magari yalipita juu yetu.

"Shemeji, huku maji hayatafika."

"Najua."

"Mtoto alikuwekea kiti."

Aliendelea kutupa udongo. Baadaye akauliza kama amerefuka.

"Twende ukamwone mwenyewe."

"Nikimwona yeye namwona mama yake," akasema. "Na mama yake sikumzika, shemeji. Nilisimama pembeni kama mgeni."

Nilimwambia kaburi lilikwisha kuota majani, kwamba hakuna anayemlaumu. Nilimwambia mengi, mengine ya kijinga. Akanisikiliza, kwa kuwa ni mtu wa adabu, kisha akaniomba nisogee, nilikuwa nimesimama anapotaka kuchimba.

Nilivumilia wiki chache, nikimpelekea chakula. Halafu nikafanya kama nilivyozoea, nikapanda basi, safari hii mpaka Buffalo. Huko kuna mfereji wa zamani uliofunguliwa tena, na maji yake yakiganda watoto huteleza juu yake wakiwa wameshikwa mikono na baba zao. Niliuona mara moja. Sikumpigia shemeji kumwambia.

Theluji ilikuwa imefika dirishani mama aliponipigia. Mtoto amemuuliza kama baba naye alikufa siku ile ile na mama yake.

"Mwambie yuko hai," nikasema.

"Nimemwambia. Sasa anauliza yuko wapi."

Nilipajua mahali penyewe, hata mti anaotundikia koti. Nilimsikia mtoto nyuma ya mama, akimuuliza kwa Kiingereza mjomba anasema nini.

"Mama," nikasema, "mpe simu."

Akampa. Nikasikia anavyopumua, nikaanza kumweleza kuhusu ule mti wenye koti.