Funguo Katika Shamba la Mahindi

Mashine ya kutafutia chuma niliinunua kwa fundi mwenzangu wa Malindi aliyekuwa ameichoka. Mimi hutengeneza simu Garsen, na kazi ikilala nilikuwa nikipanda pikipiki kwenda kuzunguka mashamba ya Kilelengwani. Watu walisema wafanyabiashara wa zamani waliopanda mto kutoka Kipini, pale unapoingia baharini, waliangusha rupia huko. Rupia sikuziona. Nilipata misumari, vifuniko vya soda, na mara moja senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Hiyo ilitosha kunirudisha kila mara.

Mama mmoja mkulima aliniruhusu kupita shambani kwake baada ya kuvuna mahindi. Tulijuana tangu utoto wangu. Sisi ni wafugaji, na mamangu alikuwa akimpelekea maziwa, naye akimrudishia mahindi. Mumewe, mzee wa kanisa, alichukuliwa na mafuriko mwaka ambao mto ulikata ukingo na kijiji kikahamia juu. Hakuonekana tena. Kwa kuwa hakuzikwa, mama huyu hakukubali kuitwa mjane. Kila aliyetoka Kipini alimwuliza kama ameona huko mwanamume mrefu anayechechemea.

Asubuhi hiyo mashine ililia karibu na mpaka wa shamba. Nikachimba. Ndani ya tope lililokauka nikakuta funguo kwenye pete yake, zimeshikana kwa kutu. Nilifurahi, maana zilionekana za kale. Nikaziinua juu nikamwita huku nacheka, nikimwambia aje aone hazina yake.

Akaja akijipangusa mikono kwa leso. Alizitazama bila kuzigusa, kisha akakaa chini juu ya mabua.

"Hizi ni za kanisa," akasema. "Siku ile ya mafuriko alizifunga kiunoni nikimwona."

Kicheko kilikuwa bado usoni mwangu, sikujua nikipeleke wapi.

Wanawe walikuja na majembe, na hawakuchimba sana kabla ya kumpata baba yao. Nilitaka kusaidia, lakini mkubwa wao aliniambia kwa upole nipumzike, nimeshafanya ya kutosha. Sijui alimaanisha nini.

Siku ya mazishi nilikaa kiti cha nyuma kanisani, Mwislamu peke yangu. Mchungaji alinishukuru mbele ya watu, wakageuka kunitazama, wengine wakanipa mkono. Nilikuwa nimetafuta rupia tu.

Jamaa walifurahi kwamba sasa mama ana kaburi la kuendea. Mwenyewe alikonda. Watu wa Kipini wakipita aliwasalimu tu, hakuwauliza kitu.

Baadaye nilimpelekea maziwa, kama mamangu alivyokuwa akifanya. Tulikaa nje ya jiko lake.

"Mwanangu," akasema, "mashine yako inaweza kujua alikuwa anaelekea wapi? Alikuwa anaenda kanisani, ama anarudi kwangu?"

Ile mashine hujua chuma, basi.

"Alikuwa anarudi nyumbani, mama," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai.

Siku hizi mama huwaambia wageni hivyo, kwamba mzee alikuwa njiani kurudi. Nikiwapo hunigeukia nithibitishe, nami nathibitisha.