Viatu vya Mwalimu wa Hisabati

Christabel Godhana hakutoroshwa na mwanamume yeyote. Yuko Chewele, anaishi peke yake katika chumba cha udongo alichopewa na ndugu za mama yake, na analima mahindi kwa maji ya mfereji. Mwalimu Abdirizak naye yuko Garsen na mkewe Ifrah na watoto wao wanne, na kila Jumamosi mlango wa chumba chake cha tuisheni uko wazi kwa yeyote anayetaka kwenda kuhakikisha. Nimeyasikia yanayosemwa mtoni na nimeyasikia yanayosemwa baada ya ibada. Nimenyamaza zaidi ya mwaka, kwa kuwa katika nyumba ya marehemu mume wangu, Mwalimu Zadock Godhana, hatukuzoea kujibizana na watu njiani. Lakini jina linalochafuliwa ni lake pia, na mimi ndiye niliyebaki kulilinda.

Christabel ni dada ya mume wangu, kitinda mimba wa nyumba yao. Nilipoletwa hapa kutoka Wenje nikiwa bibi arusi, yeye alikuwa mtoto wa miaka minne, na kazi yangu ya kwanza katika boma hili ilikuwa kumfundisha kushika penseli. Nyumbani aliniita wifi, shuleni akaniita mwalimu, na hakuwahi kuchanganya. Alimaliza kidato cha nne akapata C ya kutoa. Mwaka uleule mama yao alipooza upande mmoja, na kati ya watoto saba wa mama yule ni Christabel aliyebaki kumgeuza kitandani, kumwosha na kumlisha uji kwa miaka mitano. Wengine tulikuwa na kazi zetu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama alipozikwa, wazazi wa shule yetu ya msingi walimwomba Christabel awashike watoto wa madarasa ya chini, kwa kuwa mwalimu wa serikali alikuwa amehamishwa na mwingine hakuletwa. Alisema atashika kwa muhula mmoja. Alikaa miaka kumi na mitatu. Darasa lake lilikuwa na watoto wa Kipokomo, wa Kiorma na wa Kigiriama, na kila asubuhi alisimama mlangoni akamsalimia kila mmoja kwa lugha ya mama yake kabla ya kumruhusu kuingia. Hesabu aliwafundisha kwa kokwa za maembe zilizokaushwa, alizokuwa nazo gunia zima. Niliwahi kwenda kumkagua, maana nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu, nikakaa nyuma ya darasa na daftari langu. Sikuandika kitu. Sikuwa na la kumsahihisha.

Kisha wakubwa wa shule walimwita wakamwambia kwamba asiye na cheti cha ualimu hataendelea. Walimpa mwaka mzima uliofuata, na shule zikifunguliwa baada yake awe na gredi ya kumwingiza chuoni. Chuo kilitaka C kamili, naye alikuwa na ile C ya kutoa ya miaka kumi na minane iliyopita. Njia ilikuwa moja tu. Arudie mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, apate ile gredi, au aliache darasa lake.

Kiingereza, Kiswahili na historia nilijua atapita. Kikwazo kilikuwa hisabati. Ndipo akapelekwa kwa Abdirizak, na aliyempeleka ni mimi. Sikia hilo vizuri, wewe unayesema walikutana wapi sijui. Nilivuka mto pamoja naye, nikamkabidhi kwa mkono wangu.

Abdirizak alikuwa akifundisha watu wazima watano waliokuwa wakirudia mtihani, katika chumba kilicho nyuma ya duka la dawa za mifugo mjini Garsen. Alikuwa mtu mkavu, hacheki ovyo, na ubao wake aliufuta kwa kanzu kuukuu. Siku ya kwanza aliwapa wote mtihani, Christabel akapata kumi na nane kwa mia. Abdirizak aliitazama karatasi yake, akamuuliza shamba lao lina umbo gani.

Sasa, mashamba yetu sisi watu wa mto yamegawanywa kwa vipande virefu vyembamba vinavyoanzia ukingoni na kuishia nyuma kwenye bonde, ili kila ukoo upate sehemu ya juu ya kupanda migomba na sehemu ya chini ya kupanda mpunga mafuriko yakipungua. Abdirizak alimwambia achore kipande chao ubaoni, mto upande mmoja na bonde upande wa pili. Kutoka hapo akamfundisha mteremko, kipimo cha pembe, na hata grafu. Jioni ile Christabel alirudi akicheka tangu kizingitini.

"Wifi, kumbe babu zetu walikuwa wanafanya hisabati na hawakutuambia. Wametuacha tufeli bure."

Kufikia mwezi wa saba alikuwa anapata arobaini na saba. Nilizihifadhi karatasi zile kwenye sanduku la vyeti vya mume wangu.

Sasa nije kwenye viatu, kwa kuwa kila uvumi mnaousikia umezaliwa na viatu. Mwezi wa tano mto ulijaa, na kwa majuma mawili wanafunzi wa upande wetu hawakuthubutu kuvuka. Walikuwa watatu, Christabel akiwa mmoja wao. Abdirizak akasema kama wao hawawezi kwenda, yeye atakuja, kwa kuwa mwenye mtumbwi alikubali kuvusha mtu mmoja mmoja. Alikuja Jumamosi mbili, akawafundishia darasani shuleni, madirisha yote wazi. Jumamosi ya kwanza alipofika gatini, matope yalikuwa ya magoti. Alivua viatu, akainua sanduku la karatasi kichwani kwa mikono miwili, na viatu vikabaki ndani ya mtumbwi. Christabel akainama akavichukua, akapanda navyo hadi shuleni.

Mtu wa mbali hataona kosa. Kwetu, viatu vya mgeni hubebwa na mtoto. Mwanamke akibeba viatu vya mwanamume kutoka mtumbwini, huyo ni baba yake au ni mumewe. Christabel alikuwa amekaa na watoto miaka kumi na mitatu. Aliona viatu vitalowa, akavichukua kama ambavyo angechukua ndala za mwanafunzi. Lavender wa kwaya alikuwa gatini akiosha sufuria. Alimuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama mahari italetwa kwa ng'ombe au kwa ngamia. Wanawake wakacheka. Christabel naye akacheka, akamjibu kwamba italetwa kwa logarithimu, na akaendelea na njia yake.

Laiti ningecheka mimi pia. Lakini mzaha wa gatini ulifika kanisani ukiwa si mzaha tena. Mwezi wa nane mzee mmoja wa kanisa alinijia nyumbani akaniuliza, kwa heshima kubwa, kama ni kweli binti ya Godhana anabadili dini. Nilihisi mume wangu amefufuliwa ili atukanwe. Sikumuuliza Christabel kitu. Sikwenda Garsen kumwona Abdirizak. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, niliomba nafasi, nikasimama mbele na kutamka kwamba kuanzia siku ile dada ya marehemu Mwalimu Zadock hatavuka tena mto kwa ajili ya tuisheni, na kwamba nitamfundisha mwenyewe, nyumbani kwangu.

Wanawake walipiga vigelegele. Christabel alikuwa kwenye benchi la kwaya. Aliangalia kitabu chake cha nyimbo mpaka ibada ikaisha.

Tulipofika nyumbani alisimama kwenye ukumbi bila kukaa. Aliniambia, "Wifi, umenitetea kwa kosa ambalo sikulitenda. Leo asubuhi waliokuwa wakilisema walikuwa kumi. Sasa kanisa zima linaliamini."

Nilimwambia heshima ya nyumba haifundishwi na mtoto.

Siku nane baadaye Abdirizak alikuja. Hakuja peke yake. Alikuja na mkewe Ifrah. Niliwawekea viti, nikawapa chai. Alinieleza kwa utaratibu, kama mwalimu kwa mwalimu mwenzake, kwamba yamebaki majuma kumi kabla ya mtihani, kwamba Christabel amekaribia sana, na kwamba mada mbili kubwa bado hajazifikia. Ifrah aliweka kikombe chini.

"Mama Mwalimu, mimi nitakuwa nakaa darasani kila Jumamosi. Nitakaa karibu naye mpaka aondoke. Mwenye kusema aseme na mimi."

Nani angeweza kuomba zaidi ya hapo? Jambo lilikuwa limekwisha. Lakini nilikuwa nimesimama kanisani mbele ya watu nikatamka. Ningesimama tena juma la pili kusema nini? Niliwaambia nashukuru, na kwamba katika nyumba hii neno likishatoka halirudi. Abdirizak aliniuliza kama nimewahi kufundisha hisabati ya kidato cha nne. Nikamjibu kwamba nimefundisha miaka thelathini na mmoja.

Walikunywa chai yao wakaondoka.

Ukweli ni kwamba nilifundisha shule ya msingi. Nilisoma sana, hilo hakuna anayelibisha, lakini hisabati niliyosoma mimi ni ya zamani. Tulianza kukaa mezani kila alasiri, baada ya Christabel kurudi kutoka shuleni na kumaliza kuwinga ndege kwenye mpunga. Mambo niliyoyajua tuliyarudia mpaka yakachosha. Nisiyoyajua niliyafunika. Kitabuni kulikuwa na sura ya kutafuta eneo lililo chini ya mstari uliopinda, kwa kuligawanya katika vipande vyembamba. Christabel aliitaka sana sura ile. Alisema Abdirizak alikuwa amewaahidi kwamba wakifika hapo wataelewa kwa nini aliwaanzishia kwenye mashamba. Niliisoma usiku peke yangu mara tatu, sikuielewa. Kesho yake nilimwambia, "Hii haiji. Tuiruke."

Alinitazama. Nadhani alijua. Akafungua ukurasa uliofuata.

Mtihani ulifanywa Novemba. Siku ya karatasi ya pili ya hisabati nilimsindikiza hadi gatini, nikamngoja nyumbani nikiwa nimepika wali wa nazi. Aliporudi alikula kidogo. Nilimuuliza ilikuwaje, akasema ilikuwa nzuri. Kisha akaniambia kulikuwa na swali la alama kumi, la mto ulio upande mmoja wa shamba na ukingo wake umepinda, na mtahiniwa aligawanye shamba vipande vyembamba atafute eneo.

"Nilichora vipande, wifi. Nilivichora vizuri sana. Sikujua la kuvifanyia."

Matokeo yalipotoka mwezi wa kwanza, alinipa simu nimsomee. Kiswahili alipata B. Historia B ya kutoa. Hisabati D ya kutoa. Jumla ilikuwa C ya kutoa, ileile ya zamani, na alikosa pointi moja tu kufika C kamili. Kama hisabati ingepanda hatua moja, ningekuwa naandika habari nyingine. Alama kumi zinapandisha hatua moja. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, hiyo naiweza.

Shule zilipofunguliwa alikwenda kumkabidhi darasa mwalimu mpya, kijana mwenye cheti, mtu mwema. Alimwachia gunia la kokwa na orodha ya watoto, na pembeni ya kila jina aliandika salamu ya lugha ya nyumbani kwa mtoto huyo, ili mwalimu mgeni asibabaike mlangoni. Watoto hawakuelewa. Kwa siku kadhaa walipita kwetu asubuhi kumchukua, wakasimama nje wakimwita, naye akakaa ndani hadi walipochoka wakaenda. Mwishoni mwa mwezi alifunga nguo zake akaenda Chewele. Siku hiyo hiyo wenye midomo wakasema ameolewa.

Mwaka huu usajili ulipofunguliwa nilikwenda Chewele. Nilibeba vitabu, karatasi zake za zamani, na ujumbe wa Abdirizak kwamba kiti chake bado kipo. Nilimkuta mferejini, miguu ndani ya maji, jembe mkononi, amekonda. Alinipokea kwa adabu. Alinipikia. Hakuniita wifi, aliniita mwalimu, ingawa tulikuwa nyumbani.

Niliweka karatasi zile mezani. Alizipanga kwa tarehe, kuanzia ile ya kumi na nane mpaka ya arobaini na saba, akazitazama, akanirudishia zote. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Utasimama tena kanisani, mahali palepale, useme ulikosea?"

Nilimjibu. Sasa mmejua Christabel yuko wapi, na mmejua viatu vilibebwa kwa nini. Nilichomjibu ni changu na chake, na asije mtu mlangoni kwangu kukiuliza. Sisemi zaidi.