Aliyezikwa kwenye Televizio

Kila nikifungua mfuko wa ndagala kavu, harufu yake inapanda puani, na palepale niko tena ufuoni mwa ziwa, Uvira, nimeshika kitenge cha koko, mama ya mama yangu, aliyekuwa akianika samaki hao na kuuza.

Wiki ile alikuwa amekufa mwigizaji tuliyempenda kuliko wote. Tulimwona kwenye mchezo wa televizio ya jirani, mtaani kwetu Songo, akitiwa kwenye sanduku na kufukiwa. Koko hakujua mambo ya kuigiza. Alilia, akatandika mkeka, akalala uani siku tatu, kama tunavyofanya mtu wa nyumbani akifariki.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa anatembea kwenye mchanga wa moto, shati jeupe, pua inatoka jasho, anatafuta ndagala za kununua. Koko alisimama polepole, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Baba, siye tulikulilia.”

Nami nikamuuliza: “Weye si ulikufa?”

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, karibu sana hadi nikaona mvi moja kwenye ndevu zake, akanipa mkono. Ulikuwa na joto.

“Nilisikia namna mulikuwa munalia,” aliniambia, “ndiyo nikarudia.”

Nilimwamini.

Siku tulipomzika koko, wakubwa walininyamazisha mara mbili. Nilizidi kulia kwa sauti, macho yangu kwenye njia inayotoka ziwani.